Jinsi ya kula soya ukiwa na tatizo la figo: mwongozo kamili hatua kwa hatua

Swali la kama mwenye tatizo la figo anaweza kula soya linarudi kila mara, na ukifuatilia unakuta wengi wanakwama palepale. Mtu kaambiwa apunguze nyama, kasikia soya ina protini ya kutosha, kanunua, kala wiki kadhaa, alafu anaenda kupima anakuta potasiamu imepanda (ni madini ambayo figo dhaifu zinashindwa kuyatoa, na yakizidi kwenye damu yanavuruga moyo). Anaondoka na jibu moja tu, kwamba soya ni sumu kwa figo. Mwenzake anafanya kinyume, anatia unga wa soya kwenye kila anachokula kwasababu ni mmea na anaamini mmea hauna madhara, naye anajikuta na majibu yaleyale.

Soya yenyewe sio adui wa figo. Wengi wenye ugonjwa wa figo wanaweza kuila, tena ina faida zake. Kinachowaangusha watu ni aina ya soya waliyochagua, maji waliyoyaacha kwenye sufuria, na kuiongeza juu ya nyama badala ya kuiweka mahali pa nyama.

## Nani asianze leo

Soma hapa kabla hujagusa sufuria.

Usianze kama potasiamu yako kwenye kipimo cha mwisho ilizidi kiwango cha maabara (maabara nyingi wanahesabu kawaida kuwa 3.5 mpaka 5.0 hivi) na daktari bado anahangaika kuishusha. Usianze kama figo zimedhoofika ghafla siku hizi na bado unafuatiliwa, wala kama umekosa zamu yako ya kusafishwa damu kwa mashine (dayalisisi). Hawa wote wanasubiri tu mpaka daktari aseme sasa sawa.

Ila kama soya ilishawahi kukuletea vipele, kuvimba midomo au kubanwa pumzi, basi hiyo ni aleji na mwongozo huu haukuhusu kabisa, usijaribu hata kidogo.

## Vitu vya kuandaa

- Majibu ya vipimo vya karibuni: potasiamu, fosforasi (madini mengine yanayojikusanya figo zikidhoofika), kreatinini pamoja na ile namba ya eGFR (makadirio ya jinsi figo zinavyochuja damu), na protini kwenye mkojo.
- Kiwango chako cha protini kwa siku, kimeandikwa, kutoka kwa daktari wa figo au mtaalamu wa lishe.
- Soya nzima kavu, safi, isiyo na ukungu.
- Sufuria kubwa kuliko unavyodhani unahitaji.
- Chujio na maji mengi safi.
- Mizani ya jikoni. Kama huna, kikombe cha kupimia cha mililita 240.
- Vikopo vidogo vyenye mifuniko au mifuko ya kuwekea freza.
- Viungo visivyo na chumvi: kitunguu maji, kitunguu saumu, tangawizi, ndimu, bizari, pilipili manga.
- Daftari, au simu unayoandikia.

Na kuna vitu vitatu viondoe jikoni siku hiyo ili mkono usivifikie kwa mazoea: magadi, viungo vya vipande vya supu, na ile "chumvi mbadala" inayouzwa kwa wagonjwa wa presha. Hiyo ya mwisho mara nyingi imetengenezwa kwa kloridi ya potasiamu, yaani unakwepa sodiamu (ile iliyo kwenye chumvi ya kawaida) unaangukia kwenye kitu ambacho figo zako zinahangaika kukitoa.

## Hatua ya 1: Jua uko upande gani wa protini

Hii ndo hatua watu wanairuka na ndo inayoamua kila kitu. Ugonjwa wa figo sio lishe moja kwa wote. Kuna pande mbili na zinapingana.

Kama figo zimepungua nguvu (ugonjwa uko daraja la 3 mpaka la 5 kwa kipimo cha daktari) na hujaanza kusafishwa damu, mara nyingi unaambiwa upunguze protini. Miongozo ya kitabibu inazungumzia gramu 0.55 mpaka 0.6 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na kwa mwenye kisukari 0.6 mpaka 0.8. Sababu ni kwamba protini ikishatumika mwilini inaacha taka, urea ikiwa mojawapo, na taka hizo zinatoka kwa figo hizohizo zilizochoka.

Ukishaanza kusafishwa damu mambo yanageuka. Hapo mwili unapoteza protini na unahitaji zaidi, gramu 1.0 mpaka 1.2 kwa kilo. Mtu wa dayalisisi anayejinyima protini anakonda misuli na anadhoofika, na hilo ni hatari kubwa tu.

Chukua mtu wa kilo 60. Kabla ya dayalisisi, kwa 0.6, anapata gramu 36 za protini kwa siku nzima. Kwenye dayalisisi anahitaji 60 mpaka 72. Ni mtu yuleyule na soya ileile, lakini kiasi cha kwenye sahani ni tofauti kabisa, kwahiyo ukimwiga jirani anayesafishwa damu wakati wewe hujafika huko unajiumiza, na yeye akikuiga wewe anajiumiza vilevile.

Onyo: usipige hii hesabu mwenyewe ukaanza kuifuata kesho. Kama miguu imevimba uzito wa mizani unadanganya, yale ni maji. Na kama tayari umekonda au huna hamu ya kula, kupunguza protini bila kusimamiwa kunaweza kukumaliza nguvu haraka. Namba yako aiseme mtaalamu.

Umefanikiwa hapa ukiweza kujibu kwa sentensi moja: "Kiwango changu cha protini ni gramu kadhaa kwa siku na potasiamu yangu ya mwisho ilikuwa kadhaa."

## Hatua ya 2: Chagua soya ipi

Neno "soya" linabeba vyakula vingi ambavyo kwa figo havifanani hata kidogo, ndo maana mtu mmoja anakwambia soya ilimfaa na mwingine anakwambia ilimlaza.

Soya nzima ya kuchemsha. Hii ndo mwongozo huu umejengwa juu yake. Gramu 100 zilizoiva zina protini gramu 18 hivi, potasiamu miligramu 515 na fosforasi 245, chumvi karibu na hamna. Uzuri wake ni kwamba wewe ndo unaipika, unaweza kumwaga maji na hakuna mtu kaongeza kitu.

Tofu. Kwa wengi wenye figo mimi naiona rahisi kuliko zote. Inapotengenezwa maziwa ya soya yanagandishwa alafu maji yake yanakamuliwa, na sehemu ya potasiamu inaondoka na hayo maji. Kwa kiasi kilekile cha protini, tofu ngumu kwa kawaida inabeba potasiamu ndogo kuliko soya nzima. Chagua ya kawaida, sio iliyokwisha kukolezwa chumvi au kufukizwa moshi.

Maziwa ya soya. Kikombe kina protini gramu 7 hivi na potasiamu karibu miligramu 290. Kuna mawili ya kuangalia. La kwanza ni kimiminika, kwahiyo kama umewekewa kiwango cha maji kwa siku kinahesabiwa humo. La pili ni lebo, ntaeleza hapo chini.

Unga wa soya. Hapa ndo watu wengi wanapoteleza. Unga ni soya kavu iliyosagwa, hakuna maji yaliyomwagwa, hakuna kilichopungua. Gramu 100 za unga kamili zinafika au kuzidi miligramu 2,000 za potasiamu. Vijiko viwili vikijaa kwenye uji asubuhi, viwili tena jioni, na bado mtu anahesabu kwamba "sijala chochote chenye potasiamu". Kama umeambiwa upunguze potasiamu, unga wa soya uache, au upimiwe na mtaalamu kijiko kwa kijiko.

Nyama ya soya ya vipande vikavu. Karibu nusu ya uzito wake mkavu ni protini na potasiamu iko juu. Inaweza kutumika kwa kiasi kidogo ukiiloweka kwenye maji mengi ya moto, ukaikamua, ukamwaga, ukarudia mara ya pili. Ipime ikiwa kavu, kwasababu ikishavimba inakudanganya macho.

Soya ya kukaanga ya kutafuna. Ni kavu, mara nyingi ina chumvi, na mkono hauachi. Iache.

Sosi ya soya. Kijiko kikubwa kimoja kina karibu miligramu 900 za sodiamu, wakati mgonjwa wa figo anashauriwa asizidi takriban miligramu 2,000 kwa siku nzima. Hata ile iliyoandikwa imepunguzwa chumvi bado ina nyingi, na nyingine wameweka kloridi ya potasiamu badala yake.

### Soma lebo hivi

Kwa chochote cha pakiti, tafuta kwenye viambato neno lolote lenye "phos" ndani yake, au namba E338 mpaka E341 na E450 mpaka E452. Hizo ni fosfeti za kuongezwa kiwandani. E508 ni kloridi ya potasiamu.

Kwanini nasisitiza hili? Fosforasi ya asili kwenye soya sehemu kubwa imefungwa kwenye kitu kinachoitwa fiteti, na utumbo wa binadamu hauna kimeng'enya cha kutosha kuifungua, kwahiyo nyingi inapita tu inatoka. Ile ya kiwandani haijafungwa popote, inaingia kwenye damu karibu yote. Ndo maana bakuli la soya uliyochemsha mwenyewe linaweza kuisumbua fosforasi yako kidogo kuliko bidhaa ya soya ambayo kwenye karatasi ina namba ndogo zaidi.

## Hatua ya 3: Chagua na loweka

Mwaga soya kwenye sinia, ondoa mawe, zilizovunjika vibaya na zenye ukungu. Zenye ukungu usioshe ukatumia, tupa, sumu ya ukungu haiondoki kwa maji wala kwa moto wa jikoni.

Osha mara mbili tatu. Alafu loweka: kikombe kimoja cha soya kwa vikombe vitano vya maji kwa uchache, na ukiweza kumi ni bora. Potasiamu inayeyuka kwenye maji na inatoka kuelekea kwenye maji, kwahiyo maji yakiwa machache inakosa pa kwenda. Watu wengi wanaloweka kwa maji yanayofunika soya tu, asubuhi soya imeyanywa yote, hamna cha kumwaga, alafu wanahesabu kwamba wameloweka.

Acha saa 8 mpaka 12. Badilisha maji angalau mara moja katikati. Kama kuna joto weka kwenye friji, vinginevyo yanaanza kuchacha, yanatoa povu na harufu ya uchachu.

Katikati ya muda, soya ikishalainika kidogo, isugue kwa viganja vyote viwili, maganda yanatoka na kuelea, yamwage pamoja na maji. Soya ikigawanyika vipande viwili usihuzunike, hiyo ni nzuri kwako, kadiri vipande vinavyokuwa vidogo ndivyo potasiamu inavyotoka kirahisi.

Huna muda wa kuloweka usiku kucha? Chemsha dakika 2 au 3 kwenye maji mengi, zima, funika, acha saa moja, mwaga. Sio nzuri kama ile ndefu ila ni mara mia kuliko kutoloweka.

Onyo: usiweke magadi wala soda ya kuokea ili ilainike haraka. Kijiko kidogo kimoja cha soda ya kuokea kina zaidi ya miligramu 1,200 za sodiamu.

Umefanikiwa ukiona soya imevimba, imekuwa ndefu ndefu badala ya duara, ukiipasua katikati ina rangi moja bila kiini kigumu, na maji uliyomwaga yana rangi ya njano njano. Hayo maji usiyatumie kwa supu wala usimnyweshe mtu.

## Hatua ya 4: Chemsha mara mbili

Soya mbichi hailiwi. Ina vizuizi vinavyozuia kimeng'enya cha tripsini kumeng'enya protini, na ukila ikiwa mbichi au nusu mbichi tumbo linakunyonga, unaweza kutapika na kuharisha. Kwa mgonjwa wa figo kuharisha sio jambo dogo, kupoteza maji ghafla kunazipiga figo. Kwahiyo kuiva hapa ni suala la usalama kabla hata ya ladha.

Mchemsho wa kwanza: weka soya iliyolowekwa kwenye maji mapya mengi, baridi, isizidi nusu ya sufuria. Pandisha moto mpaka ichemke kweli, acha dakika 10 mpaka 15. Povu jeupe litapanda, litoe kwa kijiko, usikae mbali maana soya inafura na kumwagika haraka sana. Alafu mwaga maji yote kwenye chujio, osha soya kwa maji safi.

Mchemsho wa pili: maji mapya tena, mengi. Ikichemka punguza moto, funika nusu, acha ichemke taratibu mpaka iive. Inachukua saa moja mpaka tatu kutegemea soya imekaa ghalani muda gani, ya zamani inachelewa. Maji yakipungua ongeza ya moto.

Kwa presha kuka, soya iliyolowekwa na kumwagiwa maji ya kwanza inaiva kwa dakika 20 mpaka 40 hivi. Usijaze zaidi ya nusu. Povu na maganda ya soya yanaweza kuziba tundu la mvuke na hilo ni hatari ya moja kwa moja, kwahiyo fanya mchemsho wa kwanza kwenye sufuria ya wazi kwanza, toa povu, ndo uhamishie huko.

Ikiiva mwaga na hayo maji ya pili. Najua wengi inawauma hapa, supu yake ni nzito na inanukia vizuri, lakini potasiamu uliyoitoa kwa kazi yote hiyo iko humo. Ukinywa supu umeirudisha.

Umefanikiwa ukibana punje kati ya kidole gumba na cha shahada inapondeka bila ubishi, hakuna kiini kinachokatika, na ile harufu ya majani mabichi imeisha. Jaribu punje tano sita kutoka sehemu tofauti za sufuria.

Kuhusu maziwa ya soya ya nyumbani: yakifika moto wa digrii 80 hivi yanafura na kupanda juu kama yamechemka kumbe bado. Punguza moto, koroga, acha yachemke kweli kwa dakika 10 zaidi. Wengi wanazima pale yanapofura na ndo chanzo cha matumbo kuuma.

Na niseme wazi kitu kimoja. Kuloweka na kuchemsha mara mbili kunapunguza potasiamu, hakuiondoi yote. Fosforasi inapungua kidogo kuliko hapo, na protini inabaki karibu yote. Usije ukasema "nimemwaga maji mara tatu basi nakula bakuli zima".

## Hatua ya 5: Pima ikiwa imeiva

Pima soya ikiwa imeiva na imechujwa, sio kavu. Soya kavu ikiiva uzito wake unaongezeka zaidi ya mara mbili, ukichanganya hizi mbili unaweza kula maradufu bila kujua.

Hizi ni namba za soya ya kuchemsha ya kawaida, ya kwako uliyomwaga maji itakuwa chini kidogo kwa potasiamu, ila tumia hizi ubaki upande wa usalama:

- Robo kikombe (gramu 43): protini gramu 8, potasiamu miligramu 220, fosforasi 105.
- Nusu kikombe (gramu 86): protini gramu 16, potasiamu miligramu 440, fosforasi 210.

Anza na robo kikombe, mara moja kwa siku, siku mbili au tatu kwa wiki. Kwa wanaoogopa kwamba ni kidogo sana, rudi kwa yule mtu wa kilo 60 mwenye gramu 36 za protini kwa siku. Nusu kikombe tu kimeshakula karibu nusu ya kiwango chake chote, na bado hajahesabu wali, mkate na mboga ambavyo navyo vina protini kidogo kidogo.

Ikishapoa gawa hapohapo kwenye vikopo vya robo kikombe. Isikae nje zaidi ya saa mbili. Kwenye friji tumia ndani ya siku tatu mpaka nne, zilizobaki ziende freza. Nawashauri sana hili la kugawa mapema, maana mtu mwenye njaa hapimi, anachota.

## Hatua ya 6: Badilisha, usiongeze

Robo kikombe cha soya kwa protini ni sawa na kipande kidogo cha nyama iliyoiva cha gramu 30, au yai moja na kidogo. Kwahiyo siku unayokula soya, hicho kipande cha nyama au hilo yai linatoka. Sio soya pembeni ya nyama. Wengi ambao protini inawazidi kiwango na fosforasi inawapanda wakila soya ukiwauliza wamekula na nini, jibu ni samaki, yai na soya mlo mmoja.

Ukibadilisha kweli ndo unapata ile faida. Protini ya mimea inaleta tindikali kidogo mwilini kuliko ya nyama, fosforasi yake inafyonzwa kidogo, na nyuzinyuzi zinasaidia choo. Hili la choo usilidharau, figo zikidhoofika utumbo mpana unasaidia kutoa sehemu ya potasiamu, kwahiyo mtu aliyefunga choo siku nyingi potasiamu inaweza kumpanda hata kama anakula vizuri.

Vinavyobaki kwenye sahani viwe vya potasiamu ndogo: wali mweupe, kabichi, tango, pilipili hoho, koliflawa. Kwenye mlo huohuo usiweke viazi ambavyo havijalowekwa, ndizi, parachichi, mchicha, nyanya ya kopo wala maji ya dafu. Kila kimoja peke yake labda kingevumilika ila vikikutana na soya jumla inapanda haraka. Mchuzi utengeneze kwa kitunguu, tangawizi, bizari, mafuta kidogo na ndimu mwishoni, uchachu wa ndimu unaufanya ulimi usitafute chumvi sana.

Siku za kwanza gesi inaweza kujaa tumboni. Kuongeza polepole ndo dawa yake, na yale maganda uliyoyatoa yanasaidia pia.

## Hatua ya 7: Angalia dawa zako

Mpelekee daktari au mfamasia orodha kamili ya dawa, mwambie unaanza soya. Hasa kama unatumia hizi:

- Dawa za presha za kundi la losatani, enalaprili au lisinoprili, na spironolaktoni. Zinaweza kupandisha potasiamu. Usiziache mwenyewe, mara nyingi ndo zinazolinda figo. Kinachorekebishwa kwanza ni sahani.
- Vidonge vya kufunga fosforasi. Vinafanya kazi vikikutana na chakula tumboni, kwahiyo vinamezwa na mlo kama ulivyoelekezwa, sio saa mbili baadaye.
- Levothairoksini ya tezi. Soya inapunguza ufyonzwaji wake. Imeze tumbo tupu kama kawaida na soya ije saa nne baadaye au zaidi.
- Wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Soya inaweza kubadilisha nguvu yake, kipimo cha kuganda kwa damu kiangaliwe mapema.
- Dawa za waliopandikizwa figo, kwa mfano takrolimasi, nazo zinaweza kupandisha potasiamu. Na waliopandikizwa wasile soya iliyochachushwa bila kupikwa, kinga yao imeshushwa.

Kama shida yako ni mawe ya figo ya oksaleti ya kalsiamu, soya ina oksaleti nyingi. Kumwaga maji kunatoa sehemu ya ile inayoyeyuka, na kula soya pamoja na chakula chenye kalsiamu kunasaidia oksaleti ifungwe utumboni kabla haijafika kwenye mkojo. Ila kwa mtu ambaye mawe yanamrudia rudia mimi ningemwambia aulize kwanza kama soya iwemo kabisa au la.

## Hatua ya 8: Pima damu alafu ndo uamue

Kaa na kiwango kilekile wiki mbili mpaka nne, usiongeze, usibadilishe kitu kingine kikubwa, alafu pima potasiamu na fosforasi. Tarehe ya kipimo panga na daktari kabla hujaanza, sio ukishaona dalili, maana potasiamu inaweza kupanda sana bila dalili yoyote.

Kwenye daftari andika siku uliyokula, kiasi, aina ya soya, na ulikula na nini. Anayesafishwa damu aandike pia ni siku gani ya wiki, kwasababu lile pengo refu kati ya zamu mbili ndo potasiamu inapojikusanya, na siku hizo ni bora soya isiwepo au iwe kidogo kabisa.

Umefanikiwa kama potasiamu na fosforasi zimebaki ndani ya kiwango chako, uzito haujashuka, nguvu zipo na choo kinatoka vizuri. Hapo unaweza kumuuliza mtaalamu kuhusu kuongeza siku, au kufika nusu kikombe kwa wale wa dayalisisi wanaohitaji protini zaidi.

Kama potasiamu imepanda kidogo, fungua daftari kabla hujailaumu soya. Ulikunywa supu yake? Kuna siku uliishiwa ukatumia unga? Ulifunga choo? Chumvi mbadala ilirudi? Ulikosa zamu? Rekebisha hilo, simamisha soya, pima tena kwa muda atakaosema daktari, ndo urudi kwa robo kikombe.

Lakini misuli ikilegea ghafla, moyo ukidunda ovyo au kwenda polepole isivyo kawaida, kifua kikibana au ukikaribia kuzimia, usipekue daftari wala usingoje asubuhi. Nenda hospitali saa hiyohiyo, waambie mlangoni kabisa kwamba una ugonjwa wa figo na unahofia potasiamu, ili wakupime moyo kwa ECG na damu bila kukupanga foleni.